Boksi la oksijeni la kichwani kwa vichanga: mwongozo kamili, kuanzia kuliweka hadi kumtoa mtoto

Hii naiandika kwa manesi wapya, mainteni, matabibu wa vituo vya afya, na pia wazazi ambao mtoto wao kalazwa, wamekuta kafunikwa kichwa na boksi la plastiki angavu lenye mpira wa oksijeni na hakuna aliyewaeleza linafanya nini. Maboksi haya bado yapo kwenye wodi nyingi, mengine mazima, mengine yamepasuka kona na kuzibwa kwa plasta, na yanatolewa kabatini hasa usiku pale prongi za puani (vile vimrija viwili vifupi vya kupitishia oksijeni puani) zimeisha au pua ya mtoto imeziba, na anayeliweka mara nyingi ni mtu aliyewahi kuliona kwenye picha tu chuoni.

Kitu cha kushika mapema, na nitakirudia sana: usalama wa mtoto uko kwenye mkondo wa hewa unaopita ndani ya boksi. Mtoto anapumua humo humo, anatoa kaboni dayoksaidi humo humo, kwa hiyo oksijeni inayoingia ikiwa kidogo ile hewa chafu inabaki pale na yeye anaivuta tena na tena, ni sawa na mtu kulala kajifunika blanketi zito usoni. Mkondo ukiwa wa kutosha unaisukuma nje kupitia uwazi wa shingoni. Mkondo ukikatika, mtoto aliye ndani ya boksi yuko kwenye hatari kubwa kuliko angekuwa anavuta hewa ya kawaida ya chumbani.

Anza na mtoto, boksi baadaye

Usikimbilie kabatini. Mwangalie mtoto kwanza. Ulimi na midomo ya ndani ni ya bluu? Kifua kinabonyea kwa ndani? Anakoroma kila anapotoa pumzi, pua inatanuka, kichwa kinachezacheza kila akivuta hewa, pumzi ni 60 au zaidi kwa dakika, ameshindwa kunyonya? Weka oksimita, kile kipimo cha oksijeni kwenye damu, mguuni au kwenye kiganja, subiri mawimbi yatulie, soma. Saturesheni, yaani asilimia ya oksijeni kwenye damu, ikiwa chini ya 90 inahitaji oksijeni. Mtoto mwenye dalili za hatari kubwa kama shoku, kupoteza fahamu au degedege anaanzishiwa hata kama ni 92 au 93, lengo afike 94 na zaidi hadi atulie. Oksimita haipo au haisomi? Mwanzishie kwa dalili hizo hizo, usikae kusubiri mashine.

Kuna mambo mawili hapa watu wanayachanganya. Kichanga aliyezaliwa sasa hivi saturesheni yake huwa chini kwa kawaida, dakika ya kwanza inaweza kuwa 60 hivi na ikapanda taratibu mpaka kufika 85 hadi 95 kwenye dakika ya kumi, kwa hiyo namba ndogo ya dakika ya pili isikupe hofu kama mtoto analia na anapumua vizuri. La pili, mtoto asiyepumua au anayepumua kwa kukatakata hahitaji boksi hata kidogo, anahitaji ambu (mfuko wa kusukuma hewa kwa mkono) na maski, umpe pumzi. Boksi linamsaidia tu yule anayepumua mwenyewe. Kumwekea boksi mtoto ambaye hapumui ni kupoteza zile dakika chache ulizonazo.

Sasa, je, iwe boksi? Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza prongi za puani kama njia ya kwanza kwa watoto, na mimi nakubaliana nalo moja kwa moja. Prongi kichanga anatumia lita 0.5 mpaka 1 kwa dakika, mtoto wa miezi kadhaa lita 1 mpaka 2, ananyonya akiwa nazo, mama anambeba kifuani kwa kangaruu akiwa nazo, na mpira ukichomoka anarudi tu kwenye hewa ya chumba. Boksi linakula oksijeni nyingi, linamtenga na mama, na mpira ukichomoka anabaki kwenye kaboni dayoksaidi yake. Halafu boksi halitoi presha yoyote kwenye mapafu. Njiti mwenye mapafu machanga anayekoroma na kubonyea kifua anahitaji CPAP ya mapovu (kifaa kinachosukuma hewa yenye presha puani ili mapafu yasifunge) mapema kama ipo, na kama haipo piga simu za rufaa huku ukiendelea kumpa oksijeni, usimwache siku nzima ndani ya boksi ukisema atapata nafuu.

Basi boksi lina nafasi gani? Prongi za saizi yake hakuna kabisa. Pua imechubuka au imevimba kwa prongi zilizokaa siku nyingi. Pua ina tatizo la kuzaliwa au imetoka kufanyiwa upasuaji. Au daktari anataka kumpa oksijeni nyingi ya kiwango anachokijua kwa muda mfupi, kwa mfano ile ya dakika kama kumi ya kuangalia kama ubluu unatokana na moyo au mapafu. Watoto wakubwa wanaojigeuza na kukaa hawafai, wanalisukuma, na ukilazimisha unapata mtoto anayelia na kutumia oksijeni zaidi ya ile unayompa.

Hesabu ya oksijeni, ifanye kabla hujaliweka

Kipimo cha WHO kwa boksi ni lita 2 mpaka 3 kwa kila kilo ya mtoto kwa dakika. Kichanga wa kilo 3 basi ni lita 6 hadi 9. Kwa mtoto mdogo wa kilo 1.5 hesabu inakupa lita 3 hadi 4.5, lakini sehemu nyingi hawashuki chini ya 5, na wengine wanaweka 7 kama sakafu kwa kila mtoto, kwa sababu boksi lenyewe ni kubwa na hewa lazima isafishwe humo hata kama mtoto ni mdogo. Fuata mwongozo wa wodi yako, ila kama hakuna mwongozo wowote ukutani, usiende chini ya 5.

Sasa angalia chanzo chako. Konsentreta (mashine ya umeme inayochuja oksijeni kutoka hewani) ya lita 5, zile ambazo vituo vingi vinazo, haimtoshi kichanga wa kilo 3 ndani ya boksi hata ukiifungua mpaka mwisho. Mashine hiyo hiyo ukiiwekea kigawanyio inaweza kuhudumia vichanga watano wa prongi, kila mmoja na lita 1. Ya lita 10 inatosha boksi moja. Mtungi mkubwa wa lita 6,800 ukijaa, kwa lita 7 kwa dakika unakwisha ndani ya saa 16 hivi, wakati kichanga wa prongi za nusu lita anakaa na mtungi huo huo siku 9 na zaidi. Kwa wilaya ambayo mitungi inafuatwa mjini na gari la wagonjwa hiyo tofauti ni maisha ya watoto wengine watatu wanne, kwa hiyo kila unapoweka boksi andika saa mtungi ulipofunguliwa, soma geji, sindano ikiwa nusu chukulia una nusu ya lita zote za mtungi, gawanya kwa mkondo unaotumia, na mwambie anayekupokea zamu utakwisha saa ngapi. Usimwachie agundue mwenyewe saa tisa usiku.

Vitu vya kuwa navyo mkononi

Chanzo cha oksijeni na mtungi wa akiba, regyuleta ya kupunguza presha ya mtungi, flomita (kipimo cha mkondo kwa lita) inayosomeka, chupa ya maji ya kuipa oksijeni unyevu, mpira usio na kona zilizokunjika, boksi la saizi ya mtoto, oksimita yenye probu ya kichanga, kipima joto, ambu na maski ya kichanga pembeni ya kitanda. Kipimo cha asilimia ya oksijeni ndani ya boksi ni kitu kizuri mno na wodi nyingi hazina, kama unacho kijaribu kwenye hewa ya kawaida kisome 21 na kwenye oksijeni safi kisome 100 kabla hujakiamini.

Boksi lioshwe kwa maji na sabuni, lipanguswe na klorini ya asilimia 0.5, lisuuzwe vizuri harufu iishe, likauke. Usitumie spiriti, ile plastiki ngumu inapasuka vijistari vidogovidogo hadi inakuwa na ukungu na humwoni mtoto rangi yake, na kumwona mtoto ndiyo sababu boksi likawa angavu. Chupa ya maji ibadilishwe maji yaliyochemshwa na kupoa au yaliyosafishwa kila siku, haya maji yakikaa yanazalisha vijidudu na unampulizia kichanga moja kwa moja.

Kuliweka sasa

Osha mikono. Mlaze mtoto chali kwenye sehemu yenye joto, weka kitambaa kilichokunjwa chini ya mabega ili kichwa kikae sawa, kisiinamie kifuani wala kisipinduke nyuma. Kama ana ute mwingi puani au mdomoni mvute taratibu, usiende ndani sana, utamshusha mapigo ya moyo.

Fungua oksijeni kabla boksi halijamfikia mtoto. Hili watu wanalifanya kinyume, wanafunika kwanza halafu ndio wanahangaika na mtungi. Fungua, weka mkondo uliopiga hesabu, weka mkono kwenye tundu la boksi uhisi hewa inatoka kweli, iache dakika mbili tatu ijae, ndipo ufunike. Mdomo wa mpira usielekee usoni, hewa ya baridi ikimpiga usoni kichanga anaweza kusitisha pumzi na anapoteza joto haraka, uelekeze pembeni ya boksi. Wodi zenye mashine ya kupasha hewa joto zitumie, lakini nayo isizidi, hewa ya moto kupita kiasi pia inamletea kusimama pumzi.

Shingoni ndipo pa kuangalia kwa karibu. Uwazi wa boksi upite juu ya shingo bila kugusa ngozi, kidole chako kipite huku na huku. Kuna mazoea ya kuchukua kanga au nepi na kuziba pale shingoni ili "oksijeni isitoke". Toa kabisa hicho kitambaa. Pale ndipo kaboni dayoksaidi inapotokea kwenda nje, ukipaziba umemfungia. Vilevile usifunike boksi lote kwa shuka eti mwanga unamsumbua, na usiweke faili, kalamu wala simu juu yake, kila kinachogonga pale juu humo ndani kinasikika kwa kishindo.

Kama una kipimo cha asilimia, kiweke karibu na pua ya mtoto. Oksijeni ni nzito kidogo kuliko hewa, inatuama chini, ukipima juu ya boksi unapata namba ndogo kuliko anayovuta.

Mtego mkubwa: saturesheni ikiwa 99

Hapa naomba usome polepole. Umemweka njiti ndani ya boksi, lita 6, baada ya nusu saa oksimita inasoma 99. Unajua oksijeni nyingi ni mbaya kwa macho ya njiti, kwa hiyo mkono unaenda kwenye flomita unashusha mpaka lita 2. Namba inashuka 94, unaridhika, unaandika kwenye faili. Ulichofanya ni kuzima mkondo unaosafisha hewa. Oksimita inaonyesha oksijeni peke yake, kaboni dayoksaidi haionyeshi kabisa, mtoto anaweza kusoma 94 safi huku anazidi kulewa.

Ndani ya boksi hupunguzi oksijeni kwa kupunguza mkondo. Unapunguza kwa kuchanganya na hewa ya kawaida, mkondo wote ukibaki ule ule. Kama una mashine ya kuchanganya, geuza asilimia. Kama una chanzo cha hewa iliyosukumwa na flomita mbili, hesabu ni rahisi: lita 3 za oksijeni safi na lita 5 za hewa zinakupa jumla lita 8, chukua 3 ongeza 5 mara 0.21, unapata 4.05, gawa kwa 8, ni kama asilimia 51. Lita 2 na 6 ni kama 41. Na kama huna chochote cha kuchanganya, ambayo ndiyo hali ya wengi wetu, mtoe kwenye boksi umweke prongi za nusu lita au chini ya hapo. Hilo ndilo jibu sahihi, hata ikibidi kuazima prongi wodi ya jirani.

Kwa njiti aliyezaliwa chini ya wiki 32 za ujauzito WHO inataka saturesheni ikae kati ya 88 na 95, isizidi 95 akiwa kwenye oksijeni. Sababu yake ilipatikana kwa uchungu. Miaka ya 1940 na mwanzoni mwa 1950 njiti wengi nchi zilizoendelea walikuwa wakilelewa kwenye oksijeni nyingi kwa nia njema kabisa, na maelfu wakapofuka, mpaka mwaka 1951 daktari Kate Campbell wa Melbourne, Australia, akaonyesha kwamba waliopewa oksijeni kwa wingi ndio waliokuwa wakipofuka zaidi, na majaribio ya baadaye Marekani yakathibitisha. Stevie Wonder, aliyezaliwa njiti mwaka 1950 huko Michigan, ni mmoja wa watoto wa kipindi hicho. Akiwa hayupo kwenye oksijeni na anasoma 98 kwa hewa ya chumba, hilo halina shida, shida ni ile unayompa wewe.

Kumsimamia

Mtazame tena ndani ya dakika 15 za mwanzo, baadaye kila saa, na kila ukipita karibu. Mkono ufuate mpira wote kuanzia mtungini mpaka kwenye boksi, utakuta mguu wa kitanda umeukanyaga au mama mwenzake kaweka kikapu juu yake. Soma flomita kwa macho yako, usinakili ya saa iliyopita. Saturesheni, pumzi kwa dakika moja nzima, mapigo, rangi, joto la kwapani likae 36.5 hadi 37.5. Angalia ngozi ya shingo na mabega kama imebanwa. Pima sukari, mtoto anayehangaika kupumua anaimaliza haraka.

Dalili za kaboni dayoksaidi zijue kwa moyo: mtoto aliyekuwa anahangaika anatulia ghafla na kulegea, anatoa jasho kichwani, mapigo yanapanda, pumzi zinakuwa fupi na chache, halafu zinasimama. Kile kutulia kinawadanganya watu, wanasema kapata usingizi. Ukiona hivyo nyanyua boksi kwanza, maswali baadaye, mpe ambu kama pumzi ni dhaifu, angalia mpira, ita daktari.

Umeme ukikatika na ulikuwa kwenye konsentreta, mkono wa kwanza uende kwenye boksi ulinyanyue, hata kabla hujatafuta tochi. Ukishamwondoa humo ndipo uhamie kwenye mtungi wa akiba. Kila mtu wa zamu, hadi mhudumu wa usafi na akina mama wa vitanda vya jirani, afundishwe hilo moja.

Kulisha ni changamoto, kila ukifungua boksi oksijeni inaporomoka ndani ya sekunde chache tu. Aliyechoka sana apewe maziwa ya mama yaliyokamuliwa kwa mpira wa tumboni bila kutoa boksi. Anayeweza kunyonya avikwe prongi kwa muda huo, anyonye, apumzike. Kazi zako zikusanye pamoja, dawa, nepi, vipimo, ili umfungue mara chache.

Na moto. Oksijeni inakoleza moto kwa namna ya kutisha. Hakuna mshumaa, jiko la mkaa, sigara wala kiberiti chumba hicho, na regyuleta isipakwe mafuta wala grisi hata ikikaza vipi.

Kwa mama na baba

Huku kwetu kuna imani kwamba mtoto akiwekewa oksijeni ndio anaaga, na nimeona bibi akimsihi mkwewe amchomoe mjukuu "asiteseke". Bibi huyo hana ubaya, alichoona ni watoto waliowekewa wakiwa wamechelewa mno wakafa, akaunganisha. Jibu analostahili ni maelezo: mapafu ya mtoto yamechoka au yana maji au maambukizi, hewa ya kawaida haimtoshi kwa sasa, hii inamsaidia wakati antibayotiki na matibabu mengine yanafanya kazi, na nguvu zikirudi itapunguzwa. Mama akielewa anakuwa jicho lako la pili.

Mama, usitoe boksi mwenyewe ukitaka kumshika, omba nesi, akubadilishie prongi umbebe. Unaruhusiwa kumshika miguu na mkono, kumsemesha, kumkamulia maziwa kila baada ya saa mbili tatu. Ita nesi kwa sauti ukiona mtoto kalegea ghafla, midomo imebadilika rangi, kifua hakipandi, mpira umechomoka, au mapovu kwenye chupa ya maji yamesimama. Hayo mapovu yakisimama ujue hewa haiendi. Hakuna nesi mwenye akili timamu atakayekukasirikia kwa hilo.

Kumtoa

Akishatulia, kubonyea kumepungua, saturesheni imeshikilia kwa saa kadhaa, mhamishe kwanza kwenye prongi, huko ndiko utapunguza polepole. Angalau mara moja kwa siku mtoto aliyetulia jaribu kumzimia oksijeni kwa dakika 10 hadi 15 ukiwa umesimama hapo na oksimita. Ikibaki 90 au zaidi na hahangaiki, mwache, mwangalie tena baada ya saa moja kwa sababu wengine wanashuka kwa kuchelewa. Ikishuka mrudishie, kesho tena. Usimruhusu nyumbani mpaka akae saa 24 bila oksijeni na ananyonya vizuri.

Njiti aliyezaliwa chini ya wiki 32 au uzito wa kilo 1.5 kushuka chini, na hata mkubwa kidogo aliyekaa sana kwenye oksijeni, asitoke bila tarehe ya kupimwa macho. Uchunguzi wa kwanza unafanyika karibu wiki ya nne tangu kuzaliwa, na hapo mtoto kwa nje ataonekana hana shida yoyote, ndio maana akina mama wengi hawarudi. Mwandikie tarehe na jina la hospitali yenye daktari wa macho kwenye kadi ya kliniki, mweleze na baba wa mtoto au yeyote atakayetoa nauli, na uwaambie wazi kwamba tatizo likikutwa leza au sindano inaokoa jicho ikifanyika ndani ya siku chache tu, wakija mwezi unaofuata daktari anaweza asiwe na cha kufanya.